Kuwajulisha watoto NHK: nianzie wapi?

Mwalimu wa Jumamosi
Wakuu, salaam. Nina kipindi cha saa moja na nusu na watoto 12 hapa Tokyo, umri miaka 4 mpaka 11. Nyumbani wanaongea Kiswahili, shuleni Kijapani. Mada tuliyokubaliana na wazazi ni NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani: ni kitu gani, nani anaiendesha, na mtoto aitumie vipi. Wadogo wanaijua kwa sura ya Wanwan tu, yule mbwa wa kipindi cha watoto; wakubwa wanaiona ni chaneli ya habari za wazee. Nina TV moja yenye antena, intaneti na ubao.

Ninapokwama: hiyo historia ya miaka mia niilete vipi bila watoto kusinzia? Ada ya kila mwezi niieleze vipi bila kudanganya? Na tahadhari za tetemeko niziguse au niziache, maana wapo wawili waoga sana? Kama kuna mahali pa kuwapeleka baadaye nitajieni pia. Miongozo niliyoisoma inapingana.

Fundi Antena
Mwalimu, weka historia kando kwanza. Mpe mtoto rimoti.

Hapa Tokyo namba 1 ni NHK Sōgō, yaani chaneli ya mchanganyiko: habari, michezo, tamthilia. Namba 2 ni E-tele, chaneli ya elimu, iliyoanza tarehe 10 Januari 1959. Kuanzia 4 mpaka 8 ni vituo vya biashara. Usiwaambie kwamba namba hizi ni za Japani nzima, kwa sababu Nagoya na Fukuoka Sōgō iko namba 3, na mtoto mwenye binamu huko atakuumbua mbele ya wenzake.

Halafu cheza nao mchezo wa kuhesabu. Anza na kituo cha biashara dakika 15, kila tangazo la biashara mstari mmoja ubaoni. Kisha NHK dakika 15. Mpangilio uwe huohuo: ukianza na NHK, watoto watakaa wanasubiri kitu kisichokuja na watachoka kabla hujaanza. Wakitoka kwenye mistari mingi wakaingia kwenye sifuri, swali wataliuliza wenyewe.

Mchezo huu unaharibikia mahali pamoja. Katikati ya vipindi NHK inaonesha vionjo vya vipindi vyake yenyewe, na watoto watavihesabu. Wape kipimo: je, hapa kuna kitu mtu anatakiwa akakinunue dukani? Kama hakuna, usichore mstari.

Wakubwa uwape kazi ya masikio. Watangazaji wa NHK hukwepa majina ya biashara hata yale ambayo Wajapani wenyewe wameshasahau kwamba ni ya kampuni. Watu mtaani husema *takkyūbin* kwa huduma ya kuletewa mzigo nyumbani, lakini hiyo ni nembo ya kampuni moja, kwa hiyo NHK inasema *takuhaibin*. Vivyo hivyo karatasi ya gundi: watu wanasema *serotēpu*, NHK inasema *serohan tēpu*. Mtoto wa miaka 10 akishalijua hili hataacha kulitafuta.

Kuhusu vitufe, vitatu vinatosha. 字幕 ni manukuu. 音声切換 hubadilisha sauti. Habari za saa 19:00 jioni kwenye Sōgō zina Kiingereza upande wa pili. Kile chenye herufi d hufungua kurasa za data, ikiwemo hali ya hewa ya mtaa wenu. Mtaa huo unatokana na msimbo wa posta uliowekwa TV ilipofungwa. Kama TV ilitoka kwa mtu wa mkoa mwingine na hakuna aliyebadilisha, mtoto wa Tokyo atasomewa mvua ya Sendai. Angalia hilo kabla watoto hawajafika.

Zamu ya Usiku
Naongeza kwenye swali la tetemeko, na jibu langu ni moja: uliguse, tena kwa makini kuliko mengine yote. Kwa mtoto anayeishi Japani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuijua NHK. Katuni atazipata popote.

Kuna sauti tatu na watu wazima wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kengele ya tahadhari ya mapema ya tetemeko. Ilianza kutolewa kwa umma tarehe 1 Oktoba 2007. Ni noti chache za haraka zinazopanda, zinapigwa mara mbili, kisha sauti ya mtu. Aliyeitunga ni Profesa Tōru Ifukube, na alitaka isikike hata kwa mwenye masikio mazito, ishtue bila kutia hofu. Inatoka pale Idara ya Hali ya Hewa inapokadiria mtikisiko wa kiwango cha 5 hafifu au zaidi kwenye kipimo cha Kijapani cha *shindo*. Kati ya kengele na mtikisiko kuna sekunde chache tu, na ukiwa karibu na kitovu mtikisiko unaweza kutangulia. Kwa hiyo mtoto asifundishwe kukimbia. Afundishwe kuingia chini ya meza, kulinda kichwa, kushika mguu wa meza.

Ya pili ni ya simu: mlio mzito unaokoroma halafu sauti inasema *"jishin desu"*. Hiyo haitoki NHK. Waambie mapema, la sivyo watadhani TV imeharibika kwa kunyamaza.

Ya tatu ndiyo itakayokusaidia darasani. Ni ishara ya utangazaji wa dharura, ulioanzishwa 1985, mlio wa "piro-piro" unaoweza kuwasha vipokezi maalumu vilivyozimwa, kwa mfano wakati wa tahadhari ya tsunami. NHK huijaribu tarehe 1 ya kila mwezi saa 11:59 asubuhi, yaani dakika moja kabla ya saa sita mchana, kwenye Sōgō (Januari ni tarehe 4). Haifiki dakika. Waombe wazazi waisikilize pamoja na watoto nyumbani tarehe hiyo, wakiwa wametulia na wanajua inakuja. Mtoto mwoga anaipoteza hofu haraka zaidi kwa kusikia sauti aliyoandaliwa kuliko kwa kuambiwa asiogope.

Kosa ambalo usilifanye: usicheze rekodi ya kengele ya tetemeko kwa sauti kubwa kwenye ukumbi wenye watu wengine. Wapo watakaoingia chini ya meza kweli, na wengine watakaozoea kuipuuza. Ukitaka kuigiza, iimbe kwa mdomo.

Tsunami nayo ina picha yake. Ramani ya Japani inajitokeza na pwani imechorwa rangi: zambarau ni tahadhari kuu, mawimbi zaidi ya mita 3; nyekundu ni zaidi ya mita 1; njano ni ilani ya chini ya hapo. Maandishi makubwa huwa hivi: つなみ！にげて！ (Tsunami! Kimbia!) Yameandikwa kwa hiragana, herufi rahisi za Kijapani, makusudi ili mtoto mdogo na mgeni ayasome. Baada ya msiba wa tetemeko na tsunami wa Machi 2011 hata sauti ilibadilishwa, mtangazaji haongei tena kwa upole bali anaamuru watu wakimbie. Ndivyo ilivyosikika tarehe 1 Januari 2024 kwenye tetemeko la Noto. Waandikie herufi hizo tatu ubaoni, つ, な, み, na kitendo kimoja tu pembeni: panda juu. Matangazo hayo huingia kwenye chaneli zote za NHK kwa pamoja, E-tele ikiwemo, kwa hiyo hata aliyekuwa anaangalia vikaragosi atayaona.

Mwalimu wa Jumamosi
Ahsante sana, kaka zangu. Hilo la saa 11:59 sikulijua kabisa. Sasa nisaidieni vipindi. Miaka 4 na miaka 11 siwezi kuwakalisha kwenye kitu kimoja.

Bi Hiragana
Mwalimu, usijaribu kuwaonesha kipindi kizima. Vipande vya dakika tano tano vinatosha.

Kwa walio chini ya miaka miwili (wadogo zao wakija) ni *Inai Inai Bā!*, ya tangu 1996, huko ndiko aliko Wanwan. Wa miaka 2 hadi 4 wana *Okāsan to Issho*, iliyoanza 1959 na bado ipo hewani, kama dakika 24 kwa siku: kaka na dada wa nyimbo, kaka au dada wa mazoezi, vikaragosi, na wimbo wa mwezi. Watoto wanaoonekana studio ni wa miaka 3, na nafasi hupatikana kwa kuomba na kubahatika, si kwa kufika getini. Mzazi akikuuliza, mwambie aombe mapema. Dirisha la umri linapita kabla hajageuka.

Kwa mchanganyiko wako wa umri, kipindi kimoja tu kinawashika wote: *Pitagora Suitchi*, cha tangu 2002. Ni vile vifaa ambamo gololi inateremka kwenye rula, inagonga kitabu, kitabu kinaangusha kijiti, mpaka jina la kipindi linajitokeza. Wa miaka 4 anacheka, wa miaka 11 anataka kujua imefanyikaje. Baada ya kutazama, wape rula mbili, gololi, vitabu vinne na karatasi ya gundi kwa kila kundi la watoto wanne. Hatua tatu zinatosha. Wakianza na hatua saba hakuna kundi litakalomaliza, maana kila kiungo kinashindwa mara kadhaa kabla hakijakubali. Mara nyingi tatizo ni mteremko: rula ikilala sana gololi inasimama njiani, ikisimama sana inaruka nje kwenye kona. Inua upande mmoja kwa unene wa kitabu kimoja, jaribu, kisha ongeza.

Kwa wakubwa, chukua NHK for School, yaani vipindi vya NHK vya masomo. Vimepangwa kwa somo na darasa, vipindi vingi ni dakika 10, na kuna vipande vya dakika moja au mbili vinavyoonesha jambo moja tu, kwa mfano mbegu inavyochipua. Chagua darasa moja chini ya umri wa mtoto kama Kijapani chake cha kusoma kiko nyuma. Usimpe manukuu ya habari za kawaida ukadhani unamsaidia. Mtoto aliyemaliza darasa la kwanza ana kanji (herufi za asili ya Kichina) 80, la pili anaongezewa 160, na habari za jioni zinazipita hizo ndani ya sentensi mbili. Badala yake tumia habari za NHK za Kijapani rahisi, *Yasashii Kotoba Nyūsu* (zamani NHK NEWS WEB EASY): sentensi fupi, kila kanji ina furigana, yaani hiragana ndogo za kuisomea, juu yake, majina ya watu na mahali yametiwa rangi, na kuna sauti ya kusomewa.

Redio nayo usiidharau. *Kodomo Kagaku Denwa Sōdan* ni mtoto anapiga simu, anauliza kwa nini dinosauri walikuwa wakubwa hivyo, na mtaalamu anajitahidi kumjibu kwa lugha ya mtoto. Wakati mwingine anashindwa, na hapo ndipo utamu. Waambie watoto wako waandike maswali yao kwanza, kisha wasikilize jinsi wenzao wanavyouliza. Ni mazoezi mazuri ya Kijapani cha heshima.

Onyo dogo: Chiko-chan, yule msichana wa miaka mitano anayewagombeza watu wazima kwenye Sōgō, ni wa kuchekesha na anafundisha mengi, lakini ile kauli yake ya "usiishi kizembezembe!" kwa Kijapani ni ya ukali. Kwenye TV ni mzaha. Mtoto akimwambia mwalimu mkuu wa shule, wewe ndiye utakayeitwa.

Ah, na taa. Chumba kiwe na mwanga na watoto wakae mbali na kioo. Baada ya Desemba 1997, watoto wengi walipozidiwa kwa kutazama katuni yenye mwanga wa kumeta (haikuwa ya NHK), NHK na vituo vya biashara walitoa mwongozo wa pamoja mwaka 1998: picha isimetemete zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Mwongozo unapunguza hatari, hauiondoi.

Mpanda Ngazi
Mahali pa kuwapeleka: Jumba la Makumbusho ya Utangazaji la NHK, Atagoyama, wilaya ya Minato. Lilifunguliwa 1956, hakuna kiingilio, Jumatatu hufungwa (Jumatatu ikiwa sikukuu hufungwa siku inayofuata). Shuka kituo cha treni cha Kamiyachō au Onarimon.

Miongozo yako inapingana kwa sababu mingine inakutuma Studio Park ya Shibuya, mahali pa wageni kutembelea NHK. Hiyo ilifungwa 2020. Ukiona mwongozo unaitaja kama ipo, utupe wote, na saa zake za kufungua pia usiziamini.

Atagoyama ina ngazi za mawe 86 za hekalu la Atago, na mwinuko wake si mchezo. Wa miaka 4 hatakiwi kuzishuka: kushuka ndiko kubaya, siyo kupanda. Ipo lifti ya kupandia kilimani. Mwenye kigari cha mtoto aitumie hiyo.

Hapa sasa ndipo historia yako inapokaa yenyewe. Kilima hichohicho kilikuwa na kituo cha redio cha Tokyo kuanzia Julai 1925. Tangazo la kwanza kabisa lilikuwa tarehe 22 Machi mwaka huo kutoka Shibaura, na mtangazaji alianza kwa kuuliza: "Aa, aa, mnasikia?" kisha akataja alama ya kituo, JOAK. Mwaka uliofuata vituo vya Tokyo, Osaka na Nagoya viliunganishwa ikawa NHK. Televisheni ni 1 Februari 1953. Watoto hawahitaji zaidi ya hapo. Mwambie mmoja asimame upande wa pili wa chumba, aseme "Aa, aa, mnasikia?", wengine wajibu. Tarehe itakaa.

Ndani kuna mahali pa mtoto kukaa kwenye kiti cha msoma habari au kusimama mbele ya ramani ya hali ya hewa. Asivae kijani wala buluu. Kamera huondoa rangi ya ukuta wa nyuma na kuweka picha mahali pake, na fulana yenye rangi ileile nayo inaondoka. Kinabaki kichwa kinachoelea juu ya Hokkaidō. Au umvalishe makusudi mmoja, wengine waelewe ufundi wake.

Mchambua Sheria
Limebaki la ada, na hapa watu wengi huwadanganya watoto bila kukusudia, kwa kusema ama "NHK ni ya serikali" ama "ni kodi". Si hivi wala vile.

Kodi inaingia kwanza serikalini. Ada ya NHK inakwenda NHK moja kwa moja, na msingi wake ni mkataba. Sheria ya Utangazaji ya 1950, kifungu cha 64, inamtaka mwenye chombo cha kupokea matangazo ya NHK afunge mkataba nayo. Mahakama ya Juu ilisema tarehe 6 Desemba 2017 kwamba hilo halivunji katiba. Kifungu cha 83 kinaikataza NHK kutangaza biashara za watu. Ndiyo ile sifuri ya ubaoni kwa Fundi Antena.

Tangu Oktoba 2023 ni yen 1,100 kwa mwezi kwa matangazo ya ardhini, na yen 1,950 ukiongeza setilaiti. Okinawa ni pungufu kidogo. Wape wa darasa la tatu wagawanye 1,100 kwa siku 30: kama yen 37. Kisha uwaulize, nyumba yenye TV tatu inalipa mara ngapi? Wengi watasema tatu. Ni moja, mkataba ni wa kaya.

Wakiuliza bosi ni nani, jibu fupi: kuna baraza la watu 12, wanateuliwa na waziri mkuu baada ya mabunge yote mawili kuridhia, na baraza hilo ndilo linalomchagua rais wa NHK. Bajeti hupitishwa na Bunge kila mwaka. Kwa hiyo serikali haiimiliki, ila wanasiasa hawako mbali nayo, na mtoto wa miaka 11 anaweza kuambiwa hivyohivyo. Anaelewa kuliko tunavyodhani.

Jambo la vitendo: tangu 1 Oktoba 2025 huduma ya mtandaoni inaitwa NHK ONE, ina matangazo ya moja kwa moja na marudio ya wiki moja, ingawa si vipindi vyote. Kaya yenye mkataba hailipi nyongeza. Kaya isiyo na TV ikianza kuitumia kutazama, nayo inahitaji mkataba wa yen 1,100. Ujumbe wa kuthibitisha hujitokeza kwenye skrini, na vidole vya watoto hupenda kubonyeza. Fungua kila kitu wewe mwenyewe kabla hujawakabidhi kishikwambi.

Mwalimu wa Jumamosi
Nimepanga hivi: rimoti na kuhesabu dakika 35, gololi dakika 30, ada dakika 10, tsunami na hiragana dakika 15. Je, tsunami niiweke mwisho?

Zamu ya Usiku
Hapana mkuu. Iweke kabla ya gololi. Ukiwaachia "kimbia!" mwishoni, wale wawili waoga wataondoka nayo mpaka kitandani. Na katikati yake na gololi wasimamishe wafanye *rajio taisō*, mazoezi ya viungo ya redio, ile ya kwanza: miondoko 13, dakika tatu na kidogo. Rajio taisō ilianza 1928, miondoko ya sasa ni ya 1951, na hata sasa ni saa 6:30 kila asubuhi (kwa Kiswahili saa kumi na mbili na nusu) kwenye redio ya AM ya NHK. Wa shule wanaijua tayari kwa ajili ya kadi wanazogongewa mihuri wakihudhuria mazoezi hayo likizo ya kiangazi, wawaongoze wadogo. Watahadharishe tu kwamba kuruka ni mwondoko wa 11. Wadogo huanza kuruka tangu wa pili.

Bi Hiragana
Na gololi, hesabu kabla na baada. Kwenye chumba chenye wa miaka 4, ukitoa sita zirudi sita.